Komanda Aliyenifundisha Kushuka

Miaka tisa nilikaa kwenye kiti cha kulia cha ndege ndogo, kiti cha rubani msaidizi, na kwenye kiti cha kushoto alikaa mtu ambaye, naapa, aliumbwa ili aninyime raha. Sote pale kampuni tulimwita Komanda. Makanika walimwita Komanda, wapishi wa kantini walimwita Komanda, na siku ya kwanza nilipofika nyumbani kwake, mkewe alinifungulia mlango akasema, "Komanda iko anaoga. Ikala kwanza." Nami nikakaa, nikangoja saa nzima. Huyo ndiye mtu aliyeweza kukugombeza mbele ya abiria kwa kuchelewa nusu dakika.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, tulipovaa abakosti, yale makoti yasiyo na tai, na kuitana citoyen, yaani mwananchi, na shaba ilikuwa inalisha mji mzima. Ndege yetu ilikuwa na injini mbili na viti vinane, viwili vikiwa vyetu. Tulibeba mainjinia, barua, vipuri vya mashine, na mara mojamoja mgonjwa, kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, Kamina, Kalemie, na kurudi. Mimi nilikuwa kijana wa mtaa wa Kamalondo, mtoto wa fundi cherehani. Nilikuwa nimepata leseni, nimejishonea suruali yenye mkunjo mkali, na nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza nilikuwa nimekabidhiwa kwa Komanda.

Kuruka hakukumshughulisha hata kidogo. "Kupanda iko kazi ya injini," alisema. "Kushuka njo kazi ya muntu." Na katika kushuka, alichokijali ni kushuka ndani ya mawingu. Kule kwetu, mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, kuna siku wingu hulala chini kiasi kwamba huoni bawa la ndege yako mwenyewe. Hapo unashuka kwa saa zilizo mbele yako: moja inakuonyesha urefu, nyingine mwendo, nyingine unashuka kwa kasi gani, na sindano moja inayoelekea kwenye mnara wa redio ulio maili tano kabla ya kiwanja. Ukipita juu ya mnara sindano inageuka, unabonyeza saa ya mkononi, unaanza kushuka. Unashuka sawasawa, bila pupa, mpaka urefu wa mwisho ulioandikwa kwenye karatasi, kwetu ilikuwa futi mia tano juu ya ardhi. Ukifika hapo ukauona uwanja, unatua. Usipouona, unapanda. Hakuna mjadala.

Ule urefu wa mwisho Komanda aliuita mlango wa mama mkwe. "Unafika pa mulango, unasimama. Kama hakuna muntu anakuita, unarudia kwenu. Weye utaingia mu nyumba ya mama-mukwe bila kuitwa?"

"Hapana, Komanda."

"Basi juu ya nini umeshuka futi makumi mbili zaidi?"

"Ni futi ishirini tu, Komanda."

"Ishirini! Mu nyumba ya mama-mukwe, futi ishirini iko ndani ya chumba ya kulala!"

Mainjinia waliokuwa nyuma walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na jasho mpaka kwenye soksi.

Alikuwa na hesabu yake moja, na kwa hesabu hiyo alinitesa. Chukua mwendo wa ndege juu ya ardhi, gawa kwa mbili, ongeza sifuri mwishoni; hizo ndizo futi za kushuka kwa dakika. Mwendo mia na ishirini, unashuka mia sita. Ni hesabu ya mtoto wa shule. Lakini yeye aliniuliza kila mahali. Aliniuliza kantini nikiwa na tonge la bukari mkononi. Aliniuliza kwenye msiba wa mjomba wangu, akinishika bega kama mtu anayenipa pole. Alisimamisha gari lake katikati ya barabara ya Kamalondo, magari yanapiga honi nyuma yake, akatoa kichwa dirishani: "Mia na kumi! Unashuka ngapi?" Nikajibu mia tano na hamsini, na wanawake wanaouza sombe, majani ya muhogo, kando ya barabara wakadhani tumepatana bei ya kitu.

Siku ya harusi yangu alikuja amechelewa, kama kawaida, akiwa amevaa abakosti ya kijivu iliyombana tumboni. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa, baba yangu yuko pale na kofia yake nyeupe. Komanda akapita mbele ya wote, akatupa mkono, akaniinamia. Nilidhani atanibariki.

"Mwendo mia na ishirini, upepo iko ku mugongo, makumi moja. Unashuka ngapi?"

Nilikasirika, nikageuza uso. Bibi harusi, chini ya shela yake, akajibu bila kuinua uso: "Mia sita na hamsini."

Komanda akamtazama. "Huyu njo angekuwa pilote," akasema, akaenda kutafuta kiti. Mke wangu amenikumbusha jambo hilo katika kila ugomvi wetu tangu siku hiyo.

Mazoezi yake ndiyo yalikuwa balaa. Alibandika kalenda ya zamani kwenye kioo cha mbele cha upande wangu ili nisione nje. Kalenda yenyewe ilikuwa na picha ya ng'ombe, kwa hiyo kwa mwaka wa kwanza nilitua ndege huku nimekodolewa macho na ng'ombe. Nikijaribu kuchungulia pembeni, alinipiga kiganja kwa rula. "Nje yangu, ndani yako," alisema. Maana yake ilikuwa kwamba mmoja wetu anaangalia saa tu, na mwingine anaangalia nje kuutafuta uwanja. Anayeendesha haruhusiwi kutazama nje hata sekunde moja mpaka mwenzake aseme. "Macho ya kwenda nje, ya kurudia ndani, inadanganya. Unaangusha pua ya ndege bila kujua." Alikuwa na haki. Ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba kila mara alikuwa na haki, na hakuwa na adabu ya kuificha.

Kusifu hakukujua. Nikishuka vizuri, sindano zote zimetulia kama zimegundishwa, alipiga miayo. Nikikosea kidogo, alinihubiria kutoka uwanjani mpaka mlango wa ofisi. Kosa langu kubwa lilikuwa moja na hakuchoka kulitaja: nikichelewa kuanza kushuka, nilitaka kufidia. Nilisukuma pua chini, ndege ikashika kasi, nikafika chini kama jiwe. "Unafukuzwa na nani?" aliuliza. "Kama umechelewa, umechelewa. Panda, anza tena. Muntu ya kuchelewa asikimbie ku ngazi."

Na haya aliyasema mtu ambaye gari lake lilikuwa limekunjika pande zote kwa kukimbia! Niliwahi kupanda naye kutoka kiwanjani hadi mjini na nikaomba nishukie njiani. Halafu jambo jingine, ambalo nikiwaambia watu hawaamini: Komanda aliogopa ngazi. Bati la jiko lake lilipong'oka kwa upepo, alinituma mimi juu, akabaki chini ameshika ngazi kwa mikono miwili, macho amefumba. "Uko sawa?" alikuwa akiuliza. "Ushuke. Inatosha. Ushuke!" Mtu aliyekaa angani zaidi ya nusu ya maisha yake, jiko la futi nane lilimshinda. Nilipomcheka, alisema kwamba ngazi haina saa ya urefu.

Ili niwe komanda mimi mwenyewe, nihamie kiti cha kushoto, nilihitaji karatasi moja yenye sahihi yake. Wenzangu niliosoma nao walishapata, kila mmoja na komanda wake. Mimi nilimpelekea Komanda karatasi ile mara nne. Mara ya kwanza aliweka kikombe cha chai juu yake. Mara ya pili alisema kalamu imekauka. Mara ya tatu alisema, "Bado." Mara ya nne nilipandisha sauti, nikamwambia ananionea, anaogopa kuachiwa kiti cha kulia kitupu, kwamba yeye ni mwalimu asiyetaka mwanafunzi amalize shule. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza? Bado," akasema. Nilitoka nikapiga teke ndoo ya makanika, na kidole gumba kiliniuma wiki mbili.

Sasa niseme habari ya siku ile ya kutoka Kamina.

Tulikuwa na abiria sita. Mmoja alikuwa mkubwa wa Chama, mtu mnene mwenye fimbo na miwani, aliyetakiwa Lubumbashi kabla ya saa kumi alasiri kumpokea mgeni. Wacheza dansi walikuwa wameshapangwa, ngoma ziko tayari. Alikaa kiti kilicho nyuma yangu hasa, na kwa kuwa ndege ile haikuwa na ukuta wala mlango kati yetu na abiria, pumzi yake niliisikia shingoni. Komanda alinipa usukani tangu Kamina. "Leo yote iko yako," akasema. "Ndani yako, nje yangu."

Tulipokaribia, mji wote ulikuwa chini ya wingu, na upande wa pili wa kiwanja kulikuwa na mvua nyeusi inayokuja. Nikaingia ndani ya weupe. Nikaufuata mnara kwa sindano, mwendo mia na ishirini, urefu sawa. Wakati ule ule mkubwa akaniwekea mkono begani.

"Citoyen, tunafika saa ngapi? Mugeni hawezi kuningojea."

Nikageuza kichwa kumjibu kwa heshima. Niliporudisha macho, sindano ilikuwa imeshageuka. Sikujua imegeuka lini. Nilikuwa nimepita mnara karibu dakika nzima, bado niko juu, na sikuwa nimeanza kushuka. Nikafanya kile nilichokuwa nikikifanya sikuzote. Nikasukuma pua. Futi elfu moja na mia mbili kwa dakika, mara mbili ya inavyotakiwa, na mwendo ukapanda mpaka mia na arobaini na tano. Nilijiambia nitaurudisha. Nilijiambia ninafidia tu kidogo.

"Unafukuzwa na nani?" Komanda akauliza, kwa sauti ya chini.

Niliendelea kusukuma. Futi elfu moja. Mia nane. Mia sita. Mkubwa akapiga kelele nyuma yangu: "Naona kiwanja! Iko pale! Tua! Tua!"

"Panda," Komanda akasema.

Nikasukuma nguvu zote za injini, nikainua pua. Fimbo ya mkubwa ilinigonga kwenye kiti. "Muko bapumbavu? Nimesema naona kiwanja! Rudisha ndege!" Sikugeuka. Nikakunja magurudumu, nikapanda katika ule weupe mpaka Komanda akasema, "Nipe," akachukua usukani. Tulipotoka juu ya mawingu, kiwanja kilituambia kwa redio kwamba mvua imeanguka na haonekani mtu wala kitu. Tukaenda kulala Kolwezi. Mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta. Hilo lilitisha kuliko kelele.

Wiki iliyofuata tuliitwa mbele ya watu watatu kwenye ofisi ya kampuni. Barua ya mkubwa ilikuwa mezani: aliuona uwanja kwa macho yake, na marubani wawili walikataa kutua kwa kusudi la kumwaibisha. Katika miaka ile, maneno "kwa kusudi" yalikuwa mazito. Wakamuuliza Komanda.

"Hakuna kitu ilionekana," akasema. "Wingu mpaka chini. Miye njo nilitoa amri ya kupanda. Huyu petit, huyu mutoto, alitii tu."

Wakaniuliza mimi. Nikasema kweli yangu: sikuona kitu, mkubwa hakuweza kuona kitu, kulikuwa na wingu tupu. Nilisema kwa ukali, hata mmoja wao akaniambia nikae. Niliona fahari kumtetea.

Hawakuweza kututia hatiani, lakini mkubwa alihitaji kupewa mtu. Komanda aliondolewa angani. Walimpeleka kwenye ghala la vipuri, nyuma ya karakana, akae na makopo ya misumari na matairi. Jioni ya siku ile alipita kwenye kabati langu bila kusalimia, akaacha karatasi. Ilikuwa imesainiwa.

Nilikuwa komanda kwa miaka mingi baada ya hapo. Kila mahali nilipokaa na marubani nilisimulia habari ya mkubwa mwongo aliyedai kuona uwanja ndani ya wingu, na mwalimu wangu aliyepoteza mabawa yake kwa kusema kweli. Niliisimulia vizuri. Watu walitikisa vichwa.

Nilimwona Komanda kwa mara ya mwisho nyumbani kwake, Naviundu, alikohamia baada ya mkewe kufariki. Yule mkubwa naye alikuwa ameshazikwa, na wacheza dansi hawakupangwa tena kwa ajili ya mtu yeyote. Komanda alikuwa amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Binti yake alituwekea bukari na samaki, akaturudia mara kwa mara na maji. Mimi, katika kumfurahisha mzee, nikaanza tena hadithi ile ya mkubwa mwongo.

"Hakusema uwongo," Komanda akanikata.

"Nani?"

"Yule mukubwa. Kiwanja ilikuwa pale. Taa yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Nimeiona kabla yake."

Nilidhani uzee umemchanganya. Nikamwambia, Komanda, mimi nilikuwepo, hapakuwa na kitu.

"Weye ulikuwa unaangalia saa. Vile nilikufundisha. Nje ilikuwa yangu."

Niliweka tonge chini. Nikamuuliza kwa nini basi hatukutua. Akanitazama kwa lile jicho zima, kama alivyonitazama miaka yote nikikosea hesabu ya mtoto wa shule.

"Mwendo mia na arobaini na tano. Elfu moja na mia mbili kwa dakika. Mvua inaingia ku mwisho wa kiwanja. Ulikuwa unaanguka, petit. Haukuwa unashuka."

"Lakini kiwanja chetu ni kirefu! Tungetua!"

"Labda," akasema. "Bantu munane, labda."

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, lakini binti yake alikuja mlangoni kwa sababu ya sauti yangu. Nilimwambia amenifanya mjinga mbele ya wanafunzi wangu, kwamba nimemtukana marehemu kwa miaka kumi na minne, kwamba alinifanya niseme uongo mbele ya watu watatu.

"Uwongo haikuwa yako. Haukuona. Uwongo iko yangu, na ile moja tu. Ningesema kweli, bangeuliza: ndege ilikuwa mu mikono ya nani? Na weye ungeuza sombe kule Kamalondo mpaka leo."

"Na kwa nini ulisaini? Siku ile ile niliyoshuka vibaya kuliko siku zote! Mara nne nilikuja na karatasi, nimeshuka vizuri, ukaniambia bado!"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona akitafuta maneno.

"Nilisema panda, ukapanda," akasema. "Yule muntu analia ku shingo yako, fimbo inakupiga, weye mwenyewe unataka kutua, naona mikono yako inataka. Na ukapanda. Haukuuliza juu ya nini. Kushuka muzuri, bantu bengi banashuka muzuri. Ile nyingine miye sikuweza kukufundisha. Nilikuwa nangojea nione kama uko nayo."

Miaka tisa ya kugombezwa, na miaka mingine kumi na minne ya kunyamaza, na sifa yenyewe, ilipokuja, ilikuja juu ya siku niliyokaribia kuua watu wanane. Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumtikisa mabega. Sikufanya lolote kati ya hayo. Binti yake alikuwa bado amesimama mlangoni na jagi la maji. Nikakaa. Nikavuta sahani, nikaanza kula kwa hasira, tonge juu ya tonge, nisimtazame, mradi mikono yangu iwe na kazi.

"Polepole," Komanda akasema. "Samaki iko na miiba."

Nikapunguza.